Kipimo cha Kumbukumbu na Sauti ya Siwema

Kulikuwa na nchi moja, jina lake tuliache, iliyokuwa na Wizara ya Kumbukumbu. Ilikuwa pia na wizara ya maji na wizara ya barabara kama nchi nyingine, ila maji na barabara huko vilikuwa ni vitu vya kukumbukwa tu, kwa hiyo wizara iliyofanya kazi kweli ilikuwa hii moja.

Katika ghorofa ya chini ya Wizara, kwenye chumba chenye kiyoyozi kibovu na feni mbili nzima, ilikaa kompyuta kubwa ambayo watu waliiita Mashine. Kila raia alikuwa na ukurasa wake humo: picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na sauti. Sauti ilichukuliwa siku ya usajili. Raia alisimama mbele ya maikrofoni, karani akamwambia, "Sema jina lako na kazi yako," naye akasema. Sekunde kumi, basi. Serikali ilipenda kila mwananchi asikilizwe mara moja katika maisha yake.

Bi Kidawa alikuwa akija Wizarani kila Alhamisi, akishamaliza kuanika nguo. Alikuja kusikiliza sekunde kumi za binti yake, Siwema.

Siwema alikuwa fundi cherehani. Alikufa siku ya ufunguzi wa daraja jipya. Daraja lilifunguliwa saa nne asubuhi kwa utepe na ngoma, na ilipofika saa sita likaanguka, naye alikuwa katikati yake na furushi la sare za shule kichwani. Walikufa watu arobaini na mmoja. Siku ya kwanza Serikali ilituma rambirambi. Siku ya pili ilituma tume. Siku ya tatu ilituma malori yakang'oa nguzo zilizobaki, ili zisiwahuzunishe wafiwa. Baada ya hapo, mtu akitaja daraja, aliulizwa kwa upole, "Daraja lipi?"

Sheria haikumruhusu Bi Kidawa kusikiliza sauti ile. Haikumkataza pia, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angetaka. Aliyemruhusu ni Makungu, fundi wa Mashine, mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo hata moja haikuandika. Siku ya kwanza alimkuta Bi Kidawa amesimama mlangoni, viatu mkononi, akidhani kwamba mahali penye heshima namna ile ni lazima pa kuvua viatu. Makungu hakumcheka. Aliinama akavua na vya kwake. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, walikaa mbele ya Mashine wote wawili wakiwa peku, yeye akibonyeza, Bi Kidawa akisikiliza kwa hedifoni.

"Siwema binti Kidawa. Nashona sare za shule."

Halafu, kwa mbali kidogo, sauti ya mwanamke mwingine: "Funga kifungo cha shingoni."

Kisha Siwema tena, inasikika kabisa kwamba amegeuza uso: "Mama, nyamaza, wananirekodi." Na kicheko, kilichokatwa katikati kwa sababu sekunde kumi zilikuwa zimekwisha.

Bi Kidawa alisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili ya jina, mara ya pili kwa ajili ya lile neno "Mama", mara ya tatu kwa ajili ya kicheko. Kisha akafuta hedifoni kwa ncha ya kanga yake, akashukuru, akavaa viatu akaenda kuanua nguo.

*

Pembeni mwa skrini ya Mashine palikuwa na kidirisha kidogo chenye mstari wa rangi. Kilikuwa kipimo. Juu yake paliandikwa "Kumbukumbu iliyotumika", na chini yake namba. Kwa miaka mingi hakuna aliyekitazama ila Makungu, naye alikitazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani iliyosimama.

Asubuhi moja Mkumbushaji Mkuu wa Taifa, maana ndicho cheo alichopewa waziri wa pale, alikuja kupiga picha na Mashine. Mpiga picha akamwomba ageuze uso kushoto kidogo. Kushoto ndiko kulikokuwa na kipimo. Mstari ulikuwa mwekundu, na namba ilikuwa tisini na saba.

"Hii ni nini?"

"Ni kipimo cha kumbukumbu, mheshimiwa," akasema Makungu.

"Iliyotumika, asilimia tisini na saba. Kwa hiyo taifa zima limebakiwa na asilimia tatu za kukumbuka?"

"Hapana, mheshimiwa. Hiyo ni kumbukumbu ya—"

"Na mimi nina hotuba nane mwaka huu."

Makungu alifungua kinywa aeleze, lakini mpiga picha alimwomba asogee, anaharibu picha.

Wiki haikuisha, kipimo kile kikawekwa kwenye ubao mkubwa wa taa katika uwanja wa mji, ili kila mtu aone hali ya nchi. Watu waliitwa. Mkumbushaji Mkuu alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi, taifa letu limejaa. Limejaa mpaka hapa," akaonyesha shingoni. "Na kosa ni la nani? Si la Serikali. Serikali haikumbuki mambo mengi. Ni ninyi. Mnakumbuka ovyo. Mtu mzima na akili zake anakumbuka alichoambiwa kwenye kampeni. Mwingine anakumbuka kwamba zamani shule ilikuwa na madawati. Yote haya yanakula nafasi. Kuanzia leo kila familia itafute jambo moja la kusahau. Wenye uwezo wasahau mawili. Mimi mwenyewe, kwa kuonyesha mfano, nimeshasahau ahadi zangu zote za mwaka juzi, na sijisikii vibaya hata kidogo."

Watu walipiga makofi. Wengine walipiga kwa sababu waliogopa, na wengine kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kweli.

Zikatolewa Fomu za Kusahau kwa Hiari, nakala tatu kwa kila mtu. Swali la nne lilisema: "Eleza kwa ukamilifu jambo ulilosahau, tarehe yake, mahali, na majina ya mashahidi wawili wanaolikumbuka." Waliokuwa wamesahau kweli walirudishwa nyumbani wakakumbuke kwanza. Na kila fomu iliyojazwa iliingizwa ndani ya Mashine, ihifadhiwe milele.

Foleni ilizunguka jengo. Mbele ya Bi Kidawa alisimama Mzee Ngwali, mwashi mstaafu, jirani yake wa nyumba ya tatu.

"Mimi nimeandika nimemsahau mke wangu wa kwanza," akasema Mzee Ngwali. "Karani kaniuliza jina lake. Nikamtajia lake, la mama yake, na rangi ya gauni alilovaa akiondoka. Kanitazama weee, kaniambia, mzee, wewe hujasahau, wewe unalalamika."

"Na sasa?"

"Kanirudisha nyuma ya foleni nikafikirie kitu kingine. Nadhani nitasahau hii foleni yenyewe."

Dirishani alikaa karani aitwaye Tunu, dada mwenye sauti kali ambayo wazee walijifunza kutoiogopa, maana ndiye aliyekuwa akiburuta benchi kulifuatisha kivuli kila jua liliposogea.

"Shikamoo, bibi. Fomu yako iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sijajaza. Natafuta jambo la kusahau, lakini naona yote bado nayatumia."

Tunu aliichukua fomu tupu, akaigonga muhuri, akaandika juu yake "Bado anatafuta", akamrudishia. "Kaa nayo. Akikuuliza mtu, mwonyeshe muhuri. Hawasomi maneno, wanaangalia muhuri."

*

Watu walisahau mwezi mzima na kipimo hakikushuka. Kila asubuhi ubao uliwaka na namba ileile, tisini na saba, nyekundu kama jipu. Redio ilisema kuna watu wanakumbuka kwa siri. Ndipo kamati moja ikagundua kwamba kumbukumbu nzito kuliko zote ni za marehemu, kwa sababu walio hai wanawakumbuka wakati wao wenyewe hawamkumbuki mtu. Ikaamuliwa waanze na wale arobaini na mmoja.

Barua ilimfikia Bi Kidawa akiwa anasuuza mashuka.

"Kwa heshima na taadhima unaarifiwa kwamba marehemu wako anachukua nafasi. Ukurasa wake utafutwa baada ya siku saba. Na kwa kuwa mtu asiye na ukurasa hakuzaliwa, unashauriwa usimtaje katika nyaraka, katika hitima, wala katika mazungumzo ya kawaida. Tunakushukuru kwa kutuelewa."

Aliisoma, akaikunja, akaitia kifuani. Mashuka aliyasuuza tena, kwa sababu hakukumbuka kama alikuwa amemaliza. Alhamisi ilipofika alivua viatu mlangoni kwa Makungu, akampa barua ile.

"Mwanangu, wanasema Siwema anachukua nafasi."

Makungu aliisoma mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo angelifanya zamani kama pangekuwa na aliyemuuliza: akafungua dirisha jeusi kwenye skrini, lile ambalo Mashine husema mambo yake yenyewe bila rangi wala mapambo, akaandika maneno machache. Zikatoka namba.

"Kipimo kinasema tisini na saba," akasema. "Mashine yenyewe inasema ishirini na nane."

"Sasa mwongo nani?"

"Kipimo. Lakini hakikusudii, bibi. Ni cha zamani, hakijui kuhesabu. Hebu niambie, ukiwa unapika, mezani pako pana nini?"

"Kisu, kibao, vitunguu."

"Na chumvi?"

"Bakuli la chumvi haliondoki. Nalitumia kila siku, nilirudishe stoo kwa nini?"

"Akija mgeni na kikapu cha samaki, meza haitoshi?"

"Itatosha. Nitalisogeza bakuli."

"Basi ndivyo hivyo. Mashine nayo inaacha karibu vitu inavyotumia mara kwa mara. Tunaviita akiba. Akija mgeni, inavisogeza. Lakini kipimo hiki kinahesabu hata bakuli la chumvi, kisha kinapiga kelele kwamba meza imejaa." Akasita. "Na liko jingine, baya zaidi. Kipimo hiki kinapima meza tu. Kurasa za watu haziko mezani, ziko stoo, na stoo haijafika hata nusu. Wakifuta nchi nzima, namba hii haitashuka."

"Mbona kimeandikwa kumbukumbu?"

"Ya Mashine inaitwa kumbukumbu, na ya watu inaitwa kumbukumbu. Neno ni hilohilo moja, bibi."

Bi Kidawa alipapasa mshono wa kanga yake. "Kwa hiyo wanatufutia watu wetu kwa sababu ya bakuli la chumvi."

Makungu alilifunga dirisha jeusi.

"Nenda kawaambie."

"Mimi si mtu wa kuwaambia watu wale, bibi. Nikiingia ofisini kwao hata mlango nasahau unafunguka upande gani."

"Najua. Lakini mimi walishanisikiliza sekunde zangu kumi."

*

Makungu aliketi na kipimo siku tatu. Alikitoa cha zamani, akaweka kipya, akakifundisha kutenganisha vitu vilivyotumika na vile vya akiba. Akaandika taarifa ya ukurasa mmoja. Ilirudishwa, kwa kuwa taarifa ya ukurasa mmoja ni utovu wa adabu. Akaongeza ukubwa wa herufi mpaka ikafika kurasa kumi na moja, nayo ikapokewa kwa pongezi.

Mkumbushaji Mkuu alikuja mwenyewe. Kipimo kipya kilikuwa cha kijani, kizuri, na kilikuwa na mistari miwili badala ya mmoja. Wa kwanza ulisema: "Kumbukumbu iliyotumika, asilimia 28." Mheshimiwa alitabasamu. Akasoma wa pili: "Kumbukumbu huru, asilimia 72." Tabasamu likakaa palepale usoni, ila macho yakaondoka.

"Huru," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa. Maana yake haijashikwa."

"Haijashikwa na nani?"

"Na yeyote, mheshimiwa."

"Yaani katika kila kumbukumbu mia za nchi hii, sabini na mbili zinatembea na hakuna aliyezishika."

"Ni nafasi tupu tu, mheshimiwa. Haina kitu ndani."

"Hapo ndipo pabaya. Ingekuwa na kitu tungekijua." Akajipangusa jasho. "Na ubao wa uwanjani, nao umeandika hivyo?"

Ulikuwa umeandika. Watu walikuwa wamesimama chini yake tangu alfajiri, wakiusoma taratibu, na inasemekana baadhi yao walikuwa wameanza kuulizana mambo. Ubao ulizimwa kabla ya adhuhuri. Kikao cha dharura kilikaa mpaka alasiri, na uamuzi ulisomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa: kurasa zote zifutwe, za wazima na za wafu, na wananchi waandikishwe upya, safari hii kila mmoja kwa kibali. Hakuna aliyetakiwa kuutia sahihi uamuzi huo. Stoo ingefungwa kwa lakiri, na funguo angeshika Mkumbushaji Mkuu.

Makungu ndiye aliyebonyeza. Alisimamiwa na watu wawili, mmoja wa kuhakikisha anabonyeza, na mwingine wa kuhakikisha hasikitiki.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Bi Kidawa. Alimkuta uani, akavua viatu ingawa ulikuwa udongo mtupu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu hakuona kingine.

"Nilikwenda kuwaambia," akasema. "Nisingewaambia, wangefutwa arobaini na mmoja. Nimewaambia, wamefutwa wote."

Bi Kidawa alijua maana yake. Alishika kamba ya nguo, akasimama hivyo kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na chai ya tangawizi na kipande cha muhogo, akaweka mbele yake.

"Kunywa. Ulisema kweli, mwanangu. Si wewe uliyeisoma vibaya."

Makungu alikunywa, machozi yakimtoka, na Bi Kidawa akageukia nguo zake ili asimwone. Alipomaliza, Makungu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini njoo Alhamisi."

"Nije kufanya nini?"

"Stoo hayumo tena. Lakini sauti yake umeisikiliza kila wiki, mwaka wa pili huu. Mashine ilikwisha kuizoea. Imeiacha mezani."

"Kama bakuli la chumvi."

"Kama bakuli la chumvi. Wale hawajui kwamba kuna meza, wamefuta stoo tu. Siwezi kuirudisha stoo, imefungwa. Siwezi kuitoa nje, matundu yote ya Mashine yamezibwa kwa lakiri, na simu yangu inabaki getini. Ila ipo. Mashine isizimwe tu. Ikizimwa, meza inafutwa safi."

*

Alhamisi tatu alikwenda. Katika nchi nzima ile iliyofutwa, palikuwa na ukurasa mmoja tu, na haukuwa ukurasa, ulikuwa sekunde kumi zilizosahauliwa mezani. Bi Kidawa alisikiliza mara zake tatu na kufuta hedifoni. Njiani alitembea polepole, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni.

Tatizo ni kwamba kipimo hakikutikisika. Watu wote walikuwa wamefutwa, na bado kilisema huru asilimia sabini na mbili. Serikali ikamwita mtaalamu mshauri. Alikaa wiki mbili, akatembezwa mbugani, akavalishwa vazi la asili, akaandika taarifa ya kurasa mia nne. Wakubwa waliisoma yote mpaka ukurasa wa mwisho, ambako ushauri wenyewe ulikuwa umeandikwa: "Zimeni, kisha washeni."

Ikapangwa sherehe. Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa utepe na ngoma.

Makungu alimwingiza Bi Kidawa saa mbili, kwa mlango wa nyuma. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, na utepe mwekundu umefungwa kuzunguka Mashine kama zawadi. Wakavua viatu. Bi Kidawa alisikiliza kwa ajili ya jina. Akasikiliza kwa ajili ya lile neno. Kabla ya mara ya tatu, akavua hedifoni.

"Sikiliza na wewe. Tuwe wawili."

Wakashika kila mmoja upande wake, vichwa vimekaribiana. *Siwema binti Kidawa. Nashona sare za shule. Funga kifungo cha shingoni. Mama, nyamaza, wananirekodi.* Na kicheko.

"Jambo hili linaniuma siku zote," akasema Bi Kidawa. "Mwanangu alipewa sekunde kumi, na mimi nikamlia tatu kwa ajili ya kifungo."

Makungu alifikiri kidogo. "Lakini bibi, bila zile tatu, asingecheka."

Bi Kidawa alimtazama, akamshika mkono. Nje ngoma zilikuwa zimeanza kujaribiwa.

Saa nne Mkumbushaji Mkuu alikata utepe, akahutubia kuhusu mwanzo mpya, akabonyeza kitufe. Feni za Mashine zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Miaka kumi na moja chumba kile hakikuwahi kuwa kimya. Bi Kidawa alikuwa nyuma kabisa, mlangoni, viatu mkononi, na katika watu wote waliokuwapo ni yeye na Makungu tu waliojua kwamba ile ilikuwa maziko. Skrini ikawa nyeusi. Kisha ikawaka. Kipimo kikajifungua pembeni, kikasema: "Kumbukumbu huru, asilimia 94."

Mheshimiwa aliitazama namba ile kwa muda mrefu. Kisha akaomba karatasi na gundi. Karatasi ikabandikwa juu ya kipimo, na juu ya karatasi wakaandika: "Hali ni shwari." Watu wakapiga makofi.

*

Usajili Mpya ulianza Jumatatu. Walio hai walipanga foleni. Wafu hawakufika, kwa hiyo ilionekana kwamba nchi ile haikuwahi kufiwa.

Tunu alikuwa mezani, benchi limeshawekwa kivulini. Makungu alikaa kwenye Mashine, na mkaguzi wa Serikali nyuma yake. Ilipofika zamu yake, Bi Kidawa alikwenda akasimama mbele ya maikrofoni. Picha yake ikachukuliwa, mvi na mikunjo na yote.

"Sema jina lako na kazi yako," akasema Tunu.

Bi Kidawa alipandisha mkono akafunga kifungo cha shingoni. Akanyoosha mgongo.

"Siwema binti Kidawa," akasema. "Nashona sare za shule."

Akanyamaza kidogo, nafasi ya mtu wa nyuma kusema neno lake. Kisha akageuza uso begani. "Mama, nyamaza, wananirekodi." Na akacheka, kicheko chepesi cha msichana, akakikata katikati pale kilipokatwa.

Kalamu ya Tunu ilikuwa imesimama hewani. Makungu alikuwa ameinamisha kichwa, akivitazama vidole vya miguu yake. Mkaguzi akauliza, "Imeingia?"

"Imeingia," akasema Makungu.

"Nani anamtambua? Sheria inataka mtu mmoja."

Mzee Ngwali, aliyekuwa nyuma kwenye foleni, akakohoa.

"Mimi namtambua. Huyo ni Siwema binti Kidawa. Sare za wajukuu wangu alishona yeye, na mifuko yake haikutoboka kamwe."

"Na huyo Kidawa, mama yake, ameshaandikishwa?"

Mzee Ngwali alitazama chini. "Kidawa hayupo tena," akasema.

Tunu akaandika, "Mama: hayupo." Akagonga muhuri, safari hii taratibu sana, akaupuliza wino ukauke. Makungu akahifadhi.

Kwa hiyo mpaka leo, ukienda nchi ile ukauliza, utaambiwa kwamba Bi Kidawa hakuwahi kuzaliwa. Siwema yupo. Ana miaka zaidi ya sitini, nywele nyeupe, na kazi yake ni kushona sare za shule. Mara moja kwa mwezi huenda zahanati kupimwa presha, akakaa kwenye benchi na wenzake. Nesi hutoa kichwa dirishani na kuita kwa nguvu, mbele ya watu wote, "Siwema binti Kidawa."

Bibi yule hainuki. Hukaa ametulia, mikono mapajani, mpaka aitwe tena.

Manesi wanasema masikio yamemchoka. Yuko mmoja mwenye huruma, mgeni pale, hajui lolote, ambaye siku hizi humwita mara tatu.